Filamu Arobaini Zisizochomwa

Jumatatu, 3 Machi

Wewe uliyeokota daftari hili, nakuomba kwa heshima ya mama yako, lifunge. Kama umeshasoma mstari huu, ishia hapa. Usimwambie mtu neno hata moja, hata kwa utani. Kurasa za nyuma zina majina ya watu arobaini. Wao wala ndugu zao hawajui kwamba ninayo.

Haya. Nimeomba. Sasa naweza kuandika.

Kazini saa moja na nusu. Foleni imefika benchi la nje. Kadi, namba, faili. Mzee mmoja kaleta eksirei yake ya zamani, ameizungushia kanga ya mkewe ili isichubuke. Watu wa huku hawatupi eksirei. Inakaa nyuma ya kabati pamoja na hati ya kiwanja na cheti cha ubatizo.

Sisi wa hospitali ndio tuliotupa. Tangu mashine mpya ifike, picha zinatazamwa kwenye kompyuta. Filamu za stoo, ambazo wenyewe hawakurudi kuzichukua, ziliamriwa zichomwe. Ilikuwa mwezi uliopita. Fomu ya uteketezaji ina sahihi tatu: yangu, ya Mzee Bulugu wa tanuri la taka, na ya Mama Matiku, mkuu wa masjala. Maboksi kumi na mawili.

Yaliyochomwa ni kumi na moja. La kumi na mbili nililitia kwenye mfuko wa mchele, nikalipeleka kwa Fundi Deusi, mpiga picha.

Mzee Bulugu hakuhesabu. Aliniuliza tu, "Yametimia, binti?" Nikasema yametimia. Akasaini.

Mkataba wangu unakwisha tarehe 31. Naogopa. Sina neno zuri zaidi ya hilo.

Jumanne, 4 Machi

Baada ya kazi nilipitia kwa Fundi Deusi. Studio yake iko Nyamagana, mtaa wa mafundi cherehani. Ndiye aliyenipiga picha ya cheti cha kidato cha nne, akanigombeza kwa kukunja uso. Siku hizi hapigi tena. Kila mtu ana simu. Anakata picha za zamani kwa wembe, anaziunga na nyingine, anabandika. Anaziita picha za viraka.

Hii ya sasa ni ya nyuklia. Ameanza nayo tangu amzike mkewe, Konsolata. Ukutani amebandika picha aliyoikata kwenye gazeti la kale: ngazi za mawe huko Hiroshima, na kivuli cha mtu juu yake. Mtu mwenyewe hayupo. Mwanga wa bomu ulimwondoa, kivuli kikabaki. Pembeni ameweka moja ya filamu zangu. Mbavu, moyo, mabega. Navyo ni vivuli.

Nikamwambia, kwa kuwa siwezi kuacha kosa lipite, "Fundi, eksirei si nyuklia. Ni umeme tu."

"Asante mwalimu. Na ile iliyompiga mke wangu?"

Ile ilikuwa kobalti, mionzi ya kutibu saratani. Kobalti ya tiba hutengenezwa kwenye kinu cha nyuklia. Nilisoma fizikia, najua. Nikamwambia hivyo.

"Basi ni ndugu na bomu, tumbo moja," akasema. "Mmoja muuaji, mmoja tabibu. Tabibu alinipa miaka minne na Konsolata, nilikula naye, nikagombana naye. Sasa huyo ndugu yake nijifanye simjui?"

Aliwahi kunieleza kwamba walimchora mkewe mistari ya wino tumboni, mionzi isipotee njia, wakamwambia asiifute kwa wiki sita. Fundi akawa anamwogesha mwenyewe, akiizunguka mistari kwa kitambaa. Alipopona, mistari ikafutika, na Fundi akasikitika. Hajui kwa nini.

Kwa hiyo nilimpa boksi. Hiyo ni sababu moja. Ya pili ni kwamba niliona boksi la kwanza likiungua. Filamu haiungui kama karatasi. Inajikunja. Niliona vifua vya watu vinajikunja.

Jumatano, 5 Machi

Jumatano ya Majivu. Misa ya asubuhi, kisha kazini na alama kwenye paji la uso. Mzee Bulugu si Mkatoliki, lakini kutwa anashinda na majivu usoni. "Mimi padri wangu ni tanuri," akasema. Tukacheka.

Saa tano alikuja mama mmoja dirishani. Miaka thelathini na kitu, mikono imechubuka kwa maji ya baridi. Anafanya kazi kiwanda cha samaki, Nyakato. Anaitwa Mama Debora. Aliulizia eksirei ya kifua ya marehemu mumewe, Sospeter Lubango. Nikamuuliza ya nini. Akasema, "Nataka niwe nayo tu."

Jina hilo lilikuwa kwenye orodha yangu. Namba kumi na saba.

Nilimwambia zimechomwa zote. Nilimwonyesha hadi fomu. Alisoma sahihi zote tatu polepole, akasema asante, akaondoka na mwavuli wake umekunjika ubavu mmoja.

Nimemdanganya mjane, na majivu usoni.

Alhamisi, 6 Machi

Mvua. Mama Matiku amesema jina langu limo kwenye orodha ya wanaoombewa mkataba mpya. "Wewe huna makosa, Kwandu. Unaandika vizuri." Nilienda chooni nikakaa huko dakika kumi.

Nimejipa moyo kwa jambo moja. Majina hayaonekani. Kila filamu ina kiboksi pembeni chenye jina na namba kwa herufi nyeupe. Nilivikata vyote kwa mashine ya kukatia karatasi, kumikumi, wakati wenzangu wapo chakulani. Orodha niliiandika kwanza. Sijui kwa nini niliiandika. Karani hawezi kutoa kitu bila kukiandika mahali.

Jumamosi, 8 Machi

Leo Fundi ameondoa pazia. Nilisimama ng'ambo ya barabara, kwenye kibaraza cha duka la vitambaa, kama mtu anayesubiri mvua ikatike.

Kioo chote cha mbele ya studio. Wingu la bomu, lile la umbo la uyoga, limejengwa kwa vifua vya watu. Filamu arobaini, nyingine nzima, nyingine zimekatwakatwa. Nyuma yake amewasha taa zake za studio zilizokaa miaka bila kazi. Linawaka, la buluu na la kijivu. Chini ya wingu kuna mawe yetu ya Mwanza na ziwa. Juu ya mawe wamesimama watu aliowapiga picha tangu ujana wake: mabibi harusi, askari, wahitimu na majoho yao, mtoto wa komunyo ya kwanza. Wote wanatazama juu. Kwa kuwa kila mmoja alikuwa anatazama kamera, Fundi amewapindua shingo kwa wembe. Hujui kama wanashangaa au wanasali. Pembeni, wanaume wamebeba mifuko begani. Ni Wakongo, kaniambia, waliochimba udongo wa lile bomu bila kuelezwa ni wa nini.

Katikati ya wingu, mahali penye moto, amemweka Konsolata. Anacheka. Tumboni ana mistari ya wino.

Watu walisimama. Fundi cherehani wa jirani alitoka na tepu shingoni, akatazama muda mrefu, akasema, "Deusi, sasa hapa nani ataleta suruali?" Lakini hakuondoka.

Nililia kidogo. Nilijivunia, pia. Naandika ili nisije nikakana.

Jumatatu, 10 Machi

Kazini wanaizungumzia. Nesi mmoja anasema ni uchawi. Mwingine kasema amemwona mama mkwe wake mle ndani, wenzake wakamcheka: umemjua kwa mbavu? Mama Matiku aliuliza filamu hizo zimetoka wapi. Mtu akasema labda hospitali ya Bugando, labda Dar, siku hizi zinauzwa kama chupa. Sikuinua macho.

Hamu ya chakula hakuna.

Jumanne, 11 Machi

Imetokea.

Mama Debora alikwenda mtaa wa cherehani kuchukua sketi ya shule ya mwanawe. Akapita mbele ya kioo. Akasoma jina la mumewe.

Lipo. Nimekwenda kuliona kwa macho yangu saa nane. Usawa wa uso, upande wa kushoto, herufi ndogo nyeupe: LUBANGO SOSPETER. Filamu haina mbele wala nyuma. Ukiigeuza, jina linahamia pembe nyingine. Katika fungu mojawapo la filamu kumi, moja ilikuwa imegeuka, nami nikakata pembe tupu, nikaacha yenye jina. Fundi alibandika akiwa ndani. Kwake herufi zilisomeka kinyumenyume, akadhani ni alama za mashine. Kwa aliyesimama barabarani zinasomeka sawasawa.

Mimi ninayesahihisha fizikia ya watu.

Alikuja moja kwa moja hospitali. Hakuja dirishani kwangu. Alikwenda kwa katibu. Nilimsikia kupitia ukuta wa mbao. Hakupiga kelele. Alisema, "Niliambiwa amechomwa. Kumbe mmemning'iniza barabarani."

Jumatano, 12 Machi

Katibu wa hospitali ameitisha fomu ya uteketezaji. Sahihi tatu. Mama Matiku alisaini ofisini. Mimi niliandika idadi. Aliyepokea maboksi mkononi ni Mzee Bulugu. Kwa hiyo wamesema ni yeye. Atakuwa aliyauza.

Amepewa barua ya kujieleza. Majibu Jumatatu. Anastaafu mwezi wa sita.

Nilipita karibu na tanuri. "Shikamoo, Mzee." "Marahaba, mwanangu." Alikuwa anafagia.

Sikusema. Mimi ni mwoga. Hakuna jina jingine la kitu hiki.

Alhamisi, 13 Machi

Sikusema leo pia.

Nimehesabu visingizio. Mama yangu kule Magu ananitegemea. Nilisoma kwa shida. Pengine watamwonya tu. Pengine Fundi atasema aliokota. Vyote nimeviandika kwenye karatasi nyingine, nikavisoma, nikaichana. Vilikuwa vimeandikwa vizuri mno.

Ijumaa, 14 Machi

Leo ndiyo siku mbaya kuliko zote.

Saa sita Mzee Bulugu alikuja dirishani amevaa shati safi. Mkononi ana ile barua, na karatasi nyeupe tatu amezikunja katikati. Akasema mkono wake si wa barua za ofisi. Anajua sahihi tu. Ameulizia nani anaandika vizuri, wote wamemwambia Kwandu.

"Niandikie, binti. Nitasema, wewe utaandika."

Ni kawaida yetu. Nimeandikia watu barua za likizo, za msiba, za mkopo, hata ya posa. Sikuwa na namna ya kukataa. Tulikaa kwenye benchi la nyuma. Akaanza kusema, nami nikaandika. Kwamba amechoma taka za hospitali hii miaka ishirini na sita. Kwamba hajawahi kuchukua hata bomba la sindano. Kwamba siku hiyo alipokea maboksi, akamuuliza karani kama yametimia, karani akasema yametimia.

Hapo akasita. "Hapo paondoe," akasema. "Wasije wakakusumbua wewe. Andika sikuhesabu, uzee."

Kalamu ilisimama.

Anajua? Nilimtazama. Sidhani. Alikuwa ananikinga kama unavyomkinga mtoto wa jirani na mvua, bila kufikiri. Ningependa angekuwa anajua. Ingekuwa nafuu.

Sikuondoa. Nilimwandikia barua yake hadi mwisho na sentensi ile imo. Alisaini bila kuomba nimsomee. Tena. Mara ya pili anasaini kwa sababu nimesema mimi.

Nikamwomba aniachie hadi Jumatatu niichape. Akasema sawa, akanipa karanga.

Jumapili, 16 Machi

Mkolani, chumbani kwangu. Nimeandika barua yangu. Ukurasa mmoja. Nani alitoa, lini, maboksi mangapi, kwa nani, kwamba Fundi Deusi aliambiwa ni za kutupwa na hakujua kingine. Kwamba Mzee Bulugu aliulizia idadi nami nilimdanganya. Kwamba nilimdanganya na Mama Debora.

Kuhusu kwa nini, niliandika mistari minne, nikaifuta. Haikuhusu.

Jumatatu, 17 Machi

Nimezikabidhi zote mbili, yake juu, yangu chini. Mama Matiku alisoma amesimama, akakaa. Akavua miwani.

"Kwandu. Wewe?"

"Ndiyo, mama."

"Hata thumuni hukupata?"

"Hapana, mama."

"Afadhali ungeuza," akasema, "ningekuelewa."

Alilia, si sana. Nadhani alikuwa amenisifia kwa watu. Kisha akavaa miwani, akagonga mhuri wa kupokelewa kwenye barua zote mbili na kuandika tarehe, sawasawa kama alivyonifundisha.

Saa tisa Mzee Bulugu ameambiwa arudi tanurini. Mimi nimeambiwa nisubiri nyumbani.

Nililala mchana. Usingizi mzito, kama wa mgonjwa aliyetoka homa.

Jumatano, 19 Machi

Nilikwenda Nyakato, nikamngoja Mama Debora langoni kiwandani zamu ilipotoka. Alinitambua mara moja. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama kwenye tope. Nilitegemea kofi. Akasema, "Ulinionyesha hadi fomu." Zaidi ya mara mbili. "Hadi fomu."

Kisha akasema twende.

Fundi Deusi alipomwona alizima taa kwanza. Alitia kisu chembamba kati ya kioo na filamu, akaibandua taratibu, dakika ishirini nzima, jasho linamtoka. Mama Debora aliishika kwenye mwanga wa mlango. Akatuonyesha kwa kidole: mfupa wa bega, mahali ulipounga vibaya. Mumewe alianguka kutoka kwenye lori la pamba kabla hawajaoana. Usiku alikuwa akilalia upande wa pili ili usimuume. "Huyu ndiye," akasema. "Wala msingeandika jina. Ningemjua."

Aliuliza habari ya yule mwanamke anayecheka katikati. Fundi akamweleza: mistari, kitambaa, miaka minne. Akasikiliza hadi mwisho. Wangu hakupata hata mwaka mmoja, akasema. Alifika hospitali amechelewa. Hakusema kwa uchungu wa kumlaumu mtu. Alisema tu.

Mlangoni akageuka. "Na hawa wengine? Wenyewe wanajua?"

Fundi hakuwasha taa tena jioni hiyo.

Jumatatu, 31 Machi

Mkataba haukuongezwa. Barua ni fupi na ina heshima. Nadhani aliyeichapa ni Mama Matiku mwenyewe. Nilirudisha funguo na mhuri. Mzee Bulugu alinisindikiza hadi getini. Hajaniuliza chochote tangu siku ile. Akasema, "Utakuja kuniandikia ile ya kustaafu?" Nikasema nitakuja. Akasema, "Hiyo utanisomea kwanza." Akacheka. Nikajua amesamehe, na kwamba hatasahau.

Mama yangu bado sijamwambia. Nitamwambia Pasaka.

Jumamosi, 5 Aprili

Mvua imekatika. Mtaa umekauka.

Fundi hakuziba pengo la Sospeter. Alijaribu kipande kingine, akakitoa. Sasa katika wingu kuna tundu la umbo la kifua, na taa inapita hapo bila kizuizi, kali, inakuchoma macho ukisimama usawa wake. Watu wanasimama hapo kuliko mahali pengine pote. Wengine wanakinga mkono. Fundi anasema miaka yote anatafuta namna ya kuuonyesha ule mwanga wenyewe, kumbe ilikuwa ni kutoa, si kubandika.

Wamebaki thelathini na tisa. Tumekubaliana: yeyote atakayemtambua wake atapewa, hata likiisha wingu lote. Konsolata peke yake ndiye atakayebaki.

Kwa hiyo nimeandika kadi, kwa mkono wangu mzuri, na tumeibandika ndani ya kioo, ikitazama barabarani. Nimeisoma mara tatu nikiwa nje kuhakikisha haijageuka. Nainakili hapa, maana siwezi kutoa kitu bila kukiandika mahali:

Kama unadhani ndugu yako yumo katika picha hii, ingia. Nipo kila siku isipokuwa Jumapili, saa tatu hadi saa kumi. Ukitoka soko kuu fuata mtaa wa cherehani hadi zinapoisha sketi za shule. Mlango wa kijani. Mlango ukiwa umefungwa gonga kioo upande wa kulia. Fundi hasikii vizuri, gonga kwa nguvu. Orodha ninayo mimi na haionyeshwi kwa mtu. Nitajie jina la wako tu, nitatazama. Ulizia Kwandu. Mimi ndiye niliyewatoa.